Mkondo Mpole: Namna ya Kutenga Polima na Chembe Zinazovunjika Upesi



Katika mjadala mmoja wa chama chetu cha Kiswahili, mwenzangu wa darasani alisimama akasema hivi: "Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi na methali, lakini kemia ni ya Kizungu. Hebu nionyesheni mtu atakayefundisha habari za polima kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama." Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kimya, maana wakati ule sikuwa na la kujibu.

Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa. Nimechagua kwa makusudi jambo ambalo hata vitabu vyetu vya kemia havilifikii, nalo ni mbinu ya kutenga vitu vidogo mno vinavyovunjika upesi. Kwa Kiswahili nitaiita utengaji kwa uga na mkondo. Uga, kama tunavyojua katika fizikia, ni mahali ambapo nguvu fulani huhisiwa, kwa mfano uga wa sumaku au uga wa mvutano wa dunia. Mkondo kila mtu wa pwani anaujua.

Mashine yenyewe sijaiona kwa macho yangu. Habari zake nilizipata kwa mwalimu wetu wa kemia na katika vitabu alivyoniazima. Lakini kosa lililonifanya niulize maswali nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe, hapa hapa Miritini. Basi nitaanzia hapo.

NDOO YA BIBI

Naishi na bibi yangu mzaa mama. Kazi yake ni kufua kofia za vito na kuzitia wanga ili zisimame. Wanga wenyewe hanunui dukani, huutengeneza kwa muhogo. Huumenya na kuuosha, huuparuza, huutia maji, kisha huukamua kwa kitambaa. Maji yanayotoka ni meupe kama tui. Huyaacha yatulie, wanga uzame chini, halafu humwaga maji ya juu na kuanika ule unga uliobaki.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, bibi alikuwa na kofia kumi na mbili za watu. Akaniambia, "Mwanangu, leo nitengenezee wanga, mimi mgongo waniuma." Nami nilikuwa na haraka ya kwenda uwanjani. Nilikamua muhogo jioni, nikangoja kama nusu saa, nikaona chini pamejaa unga mweupe. Nikasema, haya basi, umeshazama huu. Nikamwaga maji. Yalikuwa bado yana weupe, lakini sikujali.

Asubuhi bibi alipotazama ndoo akauliza, "Wanga wangu u wapi?" Uliobaki ulikuwa haba. Ikabidi nipike huo huo. Nikawasha moto mkali, nikashika mwiko, nikakoroga kwa nguvu zangu zote nikidhani ndiyo bidii. Uji ulianza vizuri, ukawa mzito, mzito kweli. Kisha, nikiwa naendelea kuupiga, ukalegea na kuwa mwepesi kama maji ya mchele. Bibi akaja mbio. "We mwana we! Wanga waupiga kama ngoma? Umeshauvunja huo!"

Kofia zikatoka tepetepe. Bibi alilazimika kununua muhogo mwingine, akaanza upya, akakesha usiku kucha. Kofia zilisimama, wenyewe wakaja kuzichukua, lakini faida yote iliishia kwenye muhogo na makaa. Pesa zile ndizo zilizokuwa za viatu vyangu vya shule. Bibi hakunigombeza tena; alinitazama tu. Nadhani ningependa zaidi anigombeze.

Maneno yake mawili yalinikaa kichwani. La kwanza: wanga mwingine ulienda na maji. La pili: wanga huvunjika. Nilimpelekea mwalimu wa kemia yote mawili, naye akaniambia, "Bibi yako amekupa mlango wa somo zima."

KWA NINI WANGA ULIENDA NA MAJI

Wanga wa muhogo ni chembe za mviringo, ndogo kuliko uwezo wa macho. Tuzipime kwa mikroni, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe za wanga wa muhogo huwa na upana wa kama mikroni 5 hadi 35. Hazilingani, basi hata kuzama hazizami pamoja.

Kanuni yake iliandikwa na George Stokes, mzaliwa wa Ayalandi, katika karne ya 19: chembe ikiwa na upana mara mbili, huzama kwa kasi mara nne, ikiwa na upana mara nne, kasi ni mara kumi na sita. Nilipiga hesabu ya ndoo yetu, ambayo maji yake yalikuwa na kina cha sentimita 20. Chembe yenye mikroni 20 huchukua takriban nusu saa kufika chini. Yenye mikroni 5 huchukua saa 7 au 8! Kumbe bibi anapoacha ndoo usiku kucha si mazoea tu. Mimi nilichukua chembe kubwa nikamwaga ndogo.

Angalia sasa, msomaji: kwa kosa langu nilikuwa nimetenga chembe kwa ukubwa wake. Nilitumia uga (mvutano wa dunia) na muda. Kilichokosekana ni mkondo wa kuzibeba chembe zilizotengwa, kila kundi peke yake, hadi mahali pa kupimiwa.

KWA NINI UJI ULILEGEA

Hili la pili ni zito zaidi. Ndani ya kila chembe ya wanga mna molekuli ndefu sana, yaani polima. Polima ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyofanana, vilivyoshikana kimoja baada ya kingine, kama shanga katika uzi. Katika wanga, shanga hizo ni glukosi.

Wanga una polima za aina mbili. Ya kwanza ni amilosi, ambayo ni uzi mrefu usio na matawi mengi. Ya pili ni amilopektini, ambayo ina matawi juu ya matawi, mfano wa mwembe uliostawi. Amilopektini ndiyo nyingi: katika muhogo hufika kama sehemu nne kwa tano. Nayo ni kubwa kupindukia. Kipande kimoja cha glukosi katika mnyororo kina uzito wa 162 katika kipimo cha molekuli. Amilosi hufika laki kadhaa hadi milioni moja au zaidi kidogo. Amilopektini huanzia milioni kumi na kupanda hadi mamia ya milioni. Ni miongoni mwa molekuli kubwa zaidi zinazotengenezwa na mimea.

Ukipasha maji yenye wanga moto, inapofika kama nyuzi 60 hadi 70 chembe hunywa maji na kuvimba. Uji huwa mzito kwa sababu chembe zilizovimba zimebanana. Lakini chembe iliyovimba ni dhaifu, mfano wa puto lililojazwa maji. Ukiipiga kwa mwiko juu ya moto mkali hupasuka, yaliyomo humwagika, na uji hulegea. Wanga wa muhogo unajulikana kwa tabia hiyo. Ndilo lililonipata mimi.

Tukipanda ngazi moja zaidi tunalikuta swali la wataalamu. Ikiwa mtu anataka kuipima molekuli ya amilopektini yenyewe, ajue ukubwa na uzito wake, ataitengaje na nyingine bila kuivunja?

CHEKECHE LA MAABARA NA KASORO YAKE

Kwa miaka mingi njia kuu ya kutenga polima imekuwa mrija uliojazwa punje ndogo zenye vitundu. Maji yenye polima husukumwa kupita humo. Molekuli ndogo huingia vitunduni na kuzungukazunguka, basi huchelewa kutoka. Molekuli kubwa haziwezi kuingia, hupita kando na kutoka mwanzo. Ni njia nzuri, na kwa polima nyingi inatosha kabisa.

Lakini mfikirie mtu mwenye mzigo mpana wa matawi ya mwembe, anasukumwa kwa nguvu kupita katikati ya umati Marikiti siku ya mkesha wa Idi. Atatoka upande wa pili na matawi mangapi? Ndivyo inavyoipata amilopektini. Inapopita kwa nguvu katika nafasi nyembamba za punje, maji ya huku yaenda mbio, ya kule yaenda polepole, nayo huvutwa huku na huku mpaka ikakatika. Mwishowe mtaalamu hupima vipande akidhani ni kitu kizima. Kosa hili ni baya kuliko langu mimi, kwa kuwa mimi niliuona uji umelegea, lakini yeye hupata namba safi iliyoandikwa vizuri, na ni namba ya uongo.

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Kipimo kinachokivunja kitu kinachopimwa hakisemi habari za kitu hicho. Husema habari za nguvu iliyotumika.

MTARO WAKATI WA MVUA

Mvua za masika zikinyesha, sisi watoto wa Miritini tulikuwa na mchezo wetu. Tulishindanisha majani katika mtaro ulio kando ya barabara. Aliyejua mchezo alilitupa jani lake katikati, kwani katikati maji huenda kasi. Jani likisogea ukingoni huburura, kwa sababu maji yanayogusa ukuta hushikwa na ukuta.

Alikuwako Mmarekani mmoja aliyejua sana mambo ya mikondo. Jina lake J. Calvin Giddings, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Utah. Mbali na kazi ya maabara alipenda kuendesha kayaki katika mito mikali, na aliandika kitabu kuhusu safari ya Mto Apurimac nchini Peru. Mwaka 1966 alitoa wazo ambalo ukilisikia utasema, kumbe ni hilo tu! Alisema: tuondoe punje zote. Tuache njia wazi, nyembamba, maji yapite taratibu. Kisha tusukume molekuli kwa upande, zikae karibu na ukuta. Mkondo wenyewe utazitenga.

Na sisi hatuko mbali na wazo hilo. Mama anayepepeta nafaka huimwaga kutoka juu huku upepo ukivuma kwa upande. Nguvu mbili zinakingamana: mvutano washusha, upepo wapeleka. Punje nzito huanguka karibu, makapi huenda mbali. Hakuna kilichosagwa wala kilichobanwa. Giddings alipepeta ndani ya maji.

KIFAA CHENYEWE

Chukua vibao viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, katikati pakiwa na mwanya wa kama robo milimita, yaani mikroni 250. Urefu wake ni kama rula ya sentimita 30. Maji huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Kwa kuwa mwanya ni mwembamba na mwendo ni wa taratibu, maji hayavurugiki. Hutiririka kwa matabaka, kila tabaka na kasi yake. Tabaka la katikati kabisa huenda mara moja na nusu ya kasi ya wastani. Lililogusa ukuta husimama.

Sasa tuzisukume molekuli kuelekea kibao cha chini. Katika aina inayotumika sana leo, kibao cha chini kina vitundu, na juu yake pametandazwa utando laini. Sehemu ya maji hupenya utandoni na kutoka chini, lakini molekuli kubwa hazipenyi. Basi kuna mikondo miwili: mmoja waenda mbele, mwingine wakingama kwenda chini. Aina hii ya mkondo mkingamo ilielezwa mwaka 1976. Mwaka 1987 Giddings na Wahlund wakaonyesha umbo lake la sasa, lenye ukuta mmoja tu unaopenyeza maji.

Msukumo waweza kuwa mwingine pia. Kuna aina inayozungusha njia nzima kwa kasi ili chembe zielemee ukutani, kama abiria wa matatu inayokata kona. Nyingine hupasha moto kibao kimoja na kupoza cha pili, nayo hufaa polima zilizoyeyushwa katika vimiminika visivyo maji.

Hapo utauliza: ikiwa zote zinasukumwa chini, si zitalala chini zote? Hapana. Molekuli hazitulii. Hugongwa na maji kila upande na kurukaruka ovyo, jambo ambalo Albert Einstein alilipigia hesabu mwaka 1905. Mrukoruko huo huzisambaza tena kwenda juu, tuuite msambao. Molekuli ndogo ina msambao mkubwa, basi hupanda juu zaidi. Kubwa ni zito wa mwendo, hubaki chini. Kila moja hupata kimo chake mahali msukumo na msambao vinapolingana.

Kumbuka jani la mtaroni. Aliye juu kidogo kutoka ukutani yuko katika maji ya kasi zaidi. Molekuli ndogo hutoka mwanzo, kubwa hufuata. Ni kinyume cha ule mrija wa punje.

HESABU KIDOGO

Msiogope, ni hesabu ya kidato cha pili. Kasi katika kimo fulani ni kasi ya wastani mara 6, mara kimo ukigawanya kwa upana wa mwanya, mara 1 ukitoa sehemu hiyo hiyo. Tuseme kasi ya wastani ni sentimita 20 kwa dakika, urefu ni sentimita 30, na mwanya ni mikroni 250.

Molekuli A hukaa kimo cha mikroni 10. Kumi kwa 250 ni 0.04. Sita mara 0.04 mara 0.96 ni 0.23. Kasi yake basi ni kama sentimita 4.6 kwa dakika, na itatoka baada ya dakika 6 na nusu hivi.

Molekuli B ina upana mara mbili ya A. Msambao wake ni nusu, basi kimo chake ni mikroni 5. Tano kwa 250 ni 0.02. Sita mara 0.02 mara 0.98 ni karibu 0.12. Kasi yake ni kama sentimita 2.35 kwa dakika, nayo itatoka karibu dakika ya 13.

Umeona? Upana mara mbili, muda karibu mara mbili. Saa ya ukutani imekuwa rula. Tena hakuna aliyebanwa wala kukatwa njiani. Kila mmoja amepita kwa mwendo wake.

Zikitoka, hupitishwa mbele ya mwanga wa leza. Mmewahi kuona vumbi likimeta katika mwale wa jua unaoingia dirishani? Molekuli nazo hutawanya mwanga, na jinsi mwanga unavyotawanyika kwa pembe mbalimbali huonyesha ukubwa na uzito. Kwa njia hiyo wataalamu wameweza kupima amilopektini ikiwa nzima, na kuona amilosi na amilopektini zikitoka kwa zamu, amilosi mbele.

MKUBWA ANAPOTANGULIA

Kuna jambo moja lililonichanganya, nami nilieleze lisije likakuchanganya wewe. Nilidhani kanuni ya mdogo kutangulia inafaa kwa vyote. Mwalimu akaniuliza, "Na chembe nzima za wanga wa bibi yako je, ukizipitisha humo?" Nikajibu, "Ndogo zitatoka kwanza." Akatikisa kichwa.

Chembe inayozidi mikroni 1 hivi ni nzito mno kurushwarushwa na maji. Hulala ukutani kabisa. Lakini unene wake wenyewe huiinua! Chembe ya mikroni 30 iliyolala chini ina kitovu chake kimo cha mikroni 15. Ya mikroni 6 ina kitovu kimo cha mikroni 3 tu. Kubwa imejitokeza katika maji ya kasi, basi hubebwa mbele. Kwa hiyo katika chembe nzima, mkubwa hutangulia. Kuna hata aina ya kifaa inayotumia mvutano wa dunia peke yake kama uga, ambayo imetumiwa kutenga chembe za wanga wa ngano na shayiri. Hiyo ndiyo karibu kabisa na ndoo ya bibi, isipokuwa ndoo imelazwa na kupewa mkondo.

FAIDA KWETU

Pengine wasema, haya yote yatusaidia nini sisi wa Miritini? Nitataja matatu.

La kwanza ni muhogo wenyewe. Hapa pwani kuna Kibandameno, muhogo wa kienyeji unaopendwa kwa utamu wake lakini unaoshindwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu wa Amani, Tanganyika, mwaka 1936. Watafiti wa Mtwapa wametoa aina nyingine kama vile Tajirika, Karembo na Shibe. Anayezalisha aina mpya hutazama ugonjwa na mavuno, lakini mpishi na mfua kofia hutazama wanga. Kiasi cha amilosi na umbo la amilopektini ni miongoni mwa mambo yanayoamua uji ushike vipi na ustahimili mwiko kiasi gani. Kuyajua hayo kunahitaji kipimo kisichovunja.

La pili ni dawa na chanjo. Oktoba 2019 chanjo ya HPV, inayowakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa hapa hapa Mombasa. Chanjo hiyo ina chembe zilizoundwa kwa protini tupu, upana wake kama sehemu moja ya ishirini ya mikroni. Zikivunjika, au zikishikana mabonge, haziwi kitu kile kile. Chembe za namna hii, na matone ya mafuta yanayobeba ujumbe wa chanjo nyingine, huchunguzwa kwa utengaji wa uga na mkondo kwa sababu mbinu hiyo haipasui mabonge wala kutengeneza mapya kwa kubana.

La tatu ni plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini iliyokwisha tupwa haijatoweka. Jua na mawimbi huisaga ikawa chembe zisizoonekana. Ili kuzijua zilizomo katika maji ya bahari zetu, ni lazima kwanza zitengwe na matope. Mbinu hii ni mojawapo ya zinazotumika.

KASORO ZAKE

Sitaki uondoke ukidhani ni dawa ya kila kitu. Utando wa chini huweza kunasa molekuli nyingine zisitoke. Ukiweka nyingi kwa pupa hubanana na kugongana, hesabu ikaharibika. Maji huzipunguza makali, basi kigunduzi lazima kiwe kikali. Tena haina maana kupita polepole ndani ya kifaa ikiwa wanga ulivunjwa mapema wakati wa kuuyeyusha. Upole uanze jikoni, kabla ya mashine.

HITIMISHO

Nilimsomea bibi makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Aliposikia habari ya saa 8 za chembe ndogo alicheka, akasema, "Mimi nimekwambia zamani, wanga haukimbizwi." Kisha akaniuliza kama ile mashine yaweza kusimamisha kofia. Nikasema haiwezi. Akasema, "Basi lete ndoo."

Siku hizi wanga wa nyumbani naukamua mimi. Naulaza usiku kucha. Asubuhi naupika kwa moto mdogo na mwiko wa taratibu, na Idi iliyopita hakuna kofia iliyorudishwa.

Nawe mwenzangu uliyesimama katika mjadala, nimekwenda tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nimekwama mahali, nionyeshe neno, tulitafute pamoja.

ZOEZI

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kutenga kwa mrija wa punje na kutenga kwa uga na mkondo. Ni molekuli ipi hutoka kwanza katika kila njia?
2. Molekuli C hukaa kimo cha mikroni 25 katika mwanya wa mikroni 250. Ikiwa kasi ya wastani ni sentimita 20 kwa dakika na urefu ni sentimita 30, itatoka baada ya dakika ngapi? (Jibu: karibu dakika 2 na sekunde 47.)
3. Kwa nini chembe ya mikroni 30 hutangulia ile ya mikroni 6, ilhali molekuli kubwa hufuata ndogo?
4. Kamua muhogo, gawa maji meupe katika chupa mbili zinazolingana. Mwaga maji ya chupa ya kwanza baada ya nusu saa, ya pili kesho yake. Anika na upime wanga. Andika ulichokiona.

MSAMIATI

Amilopektini – polima ya wanga yenye matawi mengi.
Amilosi – polima ya wanga iliyo kama uzi.
Kigunduzi – chombo kinachotambua na kupima kinachopita mbele yake.
Mikroni – sehemu moja ya elfu ya milimita.
Mkondo mkingamo – mkondo unaokata mkondo mwingine kwa upande.
Msambao – kuenea kwa molekuli kutokana na kurukaruka kwake.
Polima – molekuli ndefu ya vipande vinavyofanana vilivyoungana.
Uga – mahali ambapo nguvu fulani huhisiwa.